Mwalimu wa Dhahabu ya Kolea

Masikio yake yalikuwa yametobolewa, lakini hakuna mtu mtaani kwetu aliyewahi kuona kitu kikining'inia humo. Hata kile kijiti cha ufagio ambacho wasichana huweka ili tundu lisizibe, hakuweka. Alikuwa mtu wa Bukoba, Mlutheri wa wale waliookoka, na waliookoka wa siku zile walivua kila kitu: bangili, mkufu, hereni, hata shanga za kiunoni ambazo hakuna ambaye angeziona. Sasa ilikuwaje mwanamke huyo ndiye aliyetufundisha habari za dhahabu, tena kwa sauti ya mtu anayesimulia chakula akiwa na njaa?

Nilijiuliza hivyo nikiwa darasa la sita. Chuo kikuu, mahali ambapo watu hudhani maswali hujibiwa, hakikunisaidia.

Habari za kuzaliwa kwake na za ukoo wake sizijui, na yeye hakupenda kuulizwa. Tulimwita Mwalimu. Walimu wengine wa shule yetu walikuwa na majina, yeye alikuwa Mwalimu tu. Na kwa kuwa nchi ilikuwa na Mwalimu mwingine mkubwa kule Dar es Salaam, baba yangu alipata utani wa kudumu.

"Mwalimu kasema watoto walale mapema."

"Mwalimu yupi?" mama angeuliza.

"Wa kwetu. Wa redioni hajasema kitu leo."

Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, na nyumba ya Mwalimu ilikuwa mojawapo ya hizo kumi, ile ya mwisho kabisa, imeegemea jiwe. Anayeijua Mwanza anajua ninachosema: ukuta wa nyuma huhitaji kuujenga kama jiwe limekutangulia. Mchana Baba alifanya kazi ginari, akipokea marobota ya pamba. Alikuwa Msukuma aliyejifunza Kiswahili ukubwani, na herufi R haikuwahi kupata makao kinywani mwake. Redio ilikuwa ledio, barabara ilikuwa balabala. Mwalimu alikuwa akiturekebisha sisi watoto kwa fimbo ya macho kila tulipokosea, lakini Baba hakumrekebisha hata mara moja. Nilimwuliza kwa nini. "Mtu mzima harekebishwi herufi," alisema. "Anarekebishwa tabia."

Mwalimu alikuwa mchoyo na mkarimu kwa zamu, nami sikuwahi kujua zamu inabadilikaje. Asubuhi angeshindana na muuza dagaa mwaloni, boti zinapotia nanga, mpaka yule mama aombe poo: "Mwalimu, chukua tu, chukua, umenichosha, nenda kafundishe." Jioni dagaa hao hao wangegawanywa kwa nyumba tatu. Alitafuna kahawa, ile ya kwao iliyokaushwa na ganda lake, hata akiwa anaandika ubaoni, na shavu lake moja lilikuwa limevimba daima kama la mtu mwenye jino bovu. Sukari ilipokuwa ya foleni, watu walikuwa wanaweka jiwe kwenye nafasi zao mbele ya duka la ushirika na kwenda zao nyumbani. Yeye alikataa. Alisimama mwenyewe juani katikati ya mawe ya wenzake, akisoma.

"Weka jiwe, Mwalimu, ukapumzike," walimwambia.

"Jiwe likiulizwa ni la nani litajibu nini?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuona kwamba hilo ndilo lililomsumbua maisha yake yote: kitu kinachobaki mahali pa mtu, na mtu hayupo.

Kitabu alikipata kwa familia moja ya Kihindi iliyokuwa inahama. Waliuza makabati, cherehani na mizani ya duka. Kitabu hakikupata mnunuzi, wakampa. Kilikuwa kipana kama sinia, kimeandikwa Kiingereza, na kurasa za mwanzo zilikuwa zimenyofoka, kwa hiyo hatukujua nani alikiandika wala lini. Ndani mlikuwa na picha za rangi za vitu vilivyofukuliwa kwenye makaburi ya wafalme wa kale wa Korea.

Taji lilikuwa ukurasa wa katikati. Utepe wa dhahabu wa kuzunguka kichwa, na juu yake miti mitatu ya dhahabu, miti kama mtoto anavyochora: shina limenyooka, matawi yamepinda kwenda juu kwa kona kali. Kila tawi lilibeba visahani vidogo vya dhahabu vyembamba kama magamba ya samaki, na kati yake vijiwe vya kijani vilivyojikunja kama kucha za chui. Ukurasa mwingine ulikuwa na mkanda wenye mikia mingi ya kuning'inia, na mwisho wa kila mkia kulikuwa na kitu: kisu kidogo, kibanio, kimfuko, samaki. Kisha viatu. Viatu vya dhahabu vyenye soli nyembamba ambazo zingejikunja kabla mtu hajatoka mlangoni.

Katika mtaala wa Historia hakukuwa na Korea. Tulikuwa na watemi wetu, ukoloni, uhuru na Azimio. Mwalimu alimaliza hayo kwa muda uliopangwa, hakuruka hata ukurasa, kisha dakika za mwisho alikuwa anafungua sinia lake.

"Mwalimu, huyo samaki ni sato au ningu?"

"Wewe unaonaje?"

"Mkia ni wa sato."

"Umejuaje kama Korea kuna sato?"

"Sijui, Mwalimu."

"Basi ni samaki. Usimbatize."

Alituambia kwamba makaburi hayo yalikuwa vilima, tena katikati ya mji, na watu walisahau kabisa kwamba ni makaburi. Walijenga nyumba pembeni mwake kama sisi tunavyojenga pembeni mwa mawe. Siku moja mwenye kilabu cha pombe akataka kupanua kilabu chake. Wakachimba udongo, zikatoka shanga. Darasa zima lilicheka, maana Mwalimu hakuwa anagusa hata togwa iliyolala. Yeye alilipenda tukio hilo kuliko yote. "Mungu hachagui mlango," alisema.

Alitueleza pia kwa nini wezi hawakuzifikia dhahabu zile. Mfalme alilazwa kwenye chumba cha mbao. Juu ya mbao yakamwagwa mawe mengi ya mviringo, na juu ya mawe udongo. Mbao zilipooza, mawe yakaporomoka ndani. Ukitaka kuchimba, kila jiwe unalotoa, mengine matano yanakuja. Mtoto wa Mwanza huelewa hilo bila kuchorewa.

Halafu akatuambia lile lililobaki. Walipofika chini, mtu hakuwepo. Udongo ulikuwa umekula nyama na mifupa. Hereni zilikuwa zimelala palipokuwa na masikio, mkanda palipokuwa na kiuno, viatu palipokuwa na miguu, na katikati yake hapakuwa na kitu.

Nikanyoosha mkono. "Kama mtu hayupo, wamejuaje alikuwa mfalme? Labda ni mwizi aliyevaa vitu vya mfalme akafa humo."

Wenzangu waliguna. Mwalimu aliacha kutafuna. "Swali zuri," alisema. "Kaa nalo."

Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi yake ya juu kabisa. Mwenye jibu sahihi alipata vema. Mwenye swali aliambiwa akae nalo. Nilikuwa nikirudi nyumbani na maswali kama mtu anayebeba vifaranga.

Kuhusu viatu alikuwa na maoni yake. Aliamini vilitengenezwa kwa ajili ya kaburi tu. "Dhahabu ya kaburini ni maneno ya waliobaki," alisema. "Marehemu hana habari nayo." Sikukubaliana naye, na hadi leo sina hakika. Nilimwuliza jambo jingine pia, siku nilipomsaidia kubeba madaftari.

"Mwalimu, mnasema dhahabu ni ubatili. Mbona unaipenda?"

"Naipenda kwa kuwa haiwezi kuwa yangu."

"Hilo si jibu."

"Siyo," alikubali, akaendelea kutembea.

Lazima nieleze jinsi walivyotubu, maana bila hilo mambo yaliyofuata hayaeleweki. Waliookoka hawakutubu kimoyomoyo. Kila Jumapili mchana walikutana kwenye ushirika wao, mtu akasimama, akasema dhambi yake mbele ya wote, tena kamili: alichofanya, alimfanyia nani, kwa sababu gani. Akimaliza, wenzake wanapaza wimbo, na dhambi imekwisha. Mwalimu alikuwa hodari wa hilo. Jumapili moja alisimama akatangaza kwamba ameitamani chupa ya chai ya mke wa balozi, ile yenye maua mekundu. Habari ilitufikia kabla ya magharibi.

"Yaani chupa yangu imehubiriwa kanisani!" mama alifoka. "Si angeiazima tu?"

"Ametubu, mke wangu, ameshatubu," Baba alisema huku machozi ya kicheko yakimtoka.

"Katubu yeye, nimeaibika mimi. Sasa mtaa mzima unajua nina chupa."

Mwaka huo wa darasa la sita alituagiza tulete makopo matupu ya maziwa na mafuta. Tukayakata kwa mkasi wa bati, tukatengeneza taji, mkanda, na samaki wa kila namna. Vidole vilitoka damu. Taji lilimtosha kila mtoto kwa zamu, na lilipotikiswa lilitoa mlio wa mvua ya kwanza kwenye paa. Mwalimu alilivaa? Hapana. Tulimwomba, tukamsihi. Alilifunga kwenye kanga na kulipeleka kwake.

Jioni hiyo nilimsimulia Baba kila kitu, na kesho yake Baba akiwa kwa kinyozi akajivuna kwa niaba ya mtaa. "Mwalimu wetu huyu si mchezo," alisema. "Ana habali za dhahabu ya Kolea. Watoto wote wanaijua."

Kwa Baba, Kolea ilikuwa nchi. Kwa kinyozi na wateja wake, kolea ilikuwa vile chumvi inavyokolea, vile rangi inavyokolea. Dhahabu ya kolea! Ile nyekundu, nzito, isiyochanganywa na shaba, kama iliyokuwa inatoka Geita. Kutoka kwa kinyozi habari ilikwenda kwenye foleni ya sukari, na njiani ikaangusha maneno mawili. "Ana habari za dhahabu" ikawa "ana dhahabu." Kufikia mwisho wa juma, watu walijua hata imefukiwa wapi.

Siku zile hilo halikuwa jambo la mchezo. Ulikuwa wakati wa msako wa walanguzi. Jirani wa mtaa wa pili alikuwa amechukuliwa kwa ajili ya vitenge alivyoficha darini, na mkewe alikuwa bado anapeleka chakula polisi. Kukutwa na dhahabu kulikuwa kubaya kuliko vitenge.

Mwenyekiti wa tawi la chama alifika saa nne asubuhi na mgambo wanne wenye majembe. Baba aliitwa kutoka ginari, akaja mbio na vumbi la pamba nywele nzima. Alisimama mlangoni kwa Mwalimu, akatandaza mikono.

"Mwenyekiti, nyumba hii iko chini yangu. Mimi namdhamini. Hakuna dhahabu ya Kolea hapa wala popote. Mkiikuta, nifungeni mimi kwanza."

Nataka msomaji akumbuke neno "popote." Baba alilitia kwa kunogesha tu.

Walichimba. Migomba yake mitatu, aliyoleta kama vichipukizi kwenye meli ya Bukoba, ilikwenda chini. Walichungulia nyuma ya jiwe. Waliingia ndani, na chini ya kitanda wakalikuta taji letu katika kanga. Kiongozi wa mgambo alilitoa nje kwa mikono miwili, na umati ukavuta pumzi. Akaling'ata.

"Bati," alisema, akitema.

"Nilikuwa nakwambia hivyo tangu umelishika," Mwalimu alisema.

Wakacheka watu, na nadhani pale pangekwisha. Lakini mgambo mwingine alitoka na kitabu, ukurasa wa katikati umefunguka, na Mwenyekiti akaiona ile dhahabu inavyong'aa. Akaagiza Mwalimu na Baba wafike tawini kesho yake.

Ofisi ya tawi ilikuwa chumba kimoja chenye madirisha mawili, na mtaa wote ulikuwa madirishani. Nilipata nafasi chini ya kwapa la mama. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, aliyepewa kazi ya kutafuta wahujumu katika mtaa ambao watu wake walikuwa wanaweka mawe kwenye foleni ya sukari.

"Mwalimu, dhahabu hii ya kwenye picha ni ya wapi?"

"Ya Korea, Mwenyekiti. Korea ni nchi."

"Najua ni nchi. Ipi? Ya Kaskazini ni marafiki zetu. Ya Kusini sio."

"Wakati wa wafalme hao haikuwa na Kaskazini wala Kusini."

"Kila nchi ina kaskazini, Mwalimu."

Madirisha yakacheka. Mwalimu hakucheka.

"Kitabu kiliandikwa na nani?"

"Kurasa za mwanzo hazipo."

"Kwa hiyo hujui. Dhahabu yenyewe umeiona?"

"Sijaiona."

"Unamjua aliyeiona?"

"Simjui."

Yalikuwa maswali yake mwenyewe, yale yale aliyotulisha sisi. Kwa kanuni zetu za darasani, Mwenyekiti alikuwa anashinda.

Mwenyekiti akafunga kitabu. "Sasa sikilizeni. Balozi jana alisema mbele ya watu kwamba dhahabu hii haipo popote. Wewe umewafundisha watoto kwamba ipo. Kama ipo, balozi amelidanganya tawi ili kukulinda, na nyote wawili mtakwenda kueleza mbele, polisi. Kama haipo, ulikuwa unawadanganya watoto, na hilo ni la shule, tunalimaliza hapa hapa. Neno moja tu, Mwalimu. Ipo au haipo?"

Baba alikuwa ameikunja kofia yake mpaka imekuwa kama kitambaa cha kufutia meza. Alifungua mdomo. Mwalimu akamtazama, naye akaufunga.

"Haipo," Mwalimu alisema.

"Na haya yote?"

"Nilitunga. Ili wasisinzie."

Wakaachiwa. Kitabu kilibaki kwenye rafu ya tawi, na sikukiona tena. Walipotoka Baba alimfuata hatua chache, akamwambia, "Asante, Mwalimu." Mwalimu aligeuka na uso ambao sikuwahi kuuona kwake. "Usinishukuru, Balozi. Tafadhali usinishukuru."

Kipindi cha Historia kilichofuata aliingia, akafuta ubao ambao ulikuwa safi tayari, akasema tufungue Hisabati. Mwalimu mwingine alipewa Historia. Wenzangu walisema, kumbe alikuwa anatudanganya! Wengine walikumbuka vidole vyao vilivyotoka damu, wakakasirika kabisa. Mimi sikujua la kushika. Kama alitunga, angewezaje kutunga mfalme asiyekuwepo kaburini mwake? Na kama hakutunga, mwanamke aliyetubu kwa sababu ya chupa ya chai angewezaje kukaa na uongo mkubwa hivyo?

Jibu la swali la pili lilikuwa mbele ya macho yetu, na mama, ambaye hakusoma, alilizunguka bila kulifungua. "Huyu mama siku hizi anatubu vitu vidogo sana," alisema. "Juzi katubu kumkaripia kuku." Dhambi kwa waliookoka husemwa kamili. Angeisema ile, angelazimika kumtaja Baba, na ushirika una masikio mengi, na tawi lilikuwa pale pale. Alichagua kukaa nayo. Haukupita mwaka akaomba uhamisho kwenda upande wa pili wa maji, Sengerema, shule ya kijiji ambako hakuna aliyemjua.

Nilikwenda sekondari, nikaenda Jeshi la Kujenga Taifa, nikaenda chuo kikuu, nikawa mtu wa kubisha kila kitu. Nilibisha dini, nikabisha siasa, nikambishia mhadhiri hadi akaniomba nipumzike. Lakini katika maktaba ya chuo, nikitafuta kitu kingine kabisa, nilikuta picha ya taji. Kitabu tofauti, mpiga picha tofauti, na limepigwa kwa upande ambao hatukuwahi kuuona. Nilisimama katikati ya rafu nikicheka peke yangu kama mwehu.

Sikumwandikia. Barua inasomwa na watu wengi.

Baba alifariki mwaka jana. Baada ya arobaini nilivuka na kivuko hadi Kamanga, nikapata lori tupu la pamba, na maili za mwisho nilitembea. Ilikuwa Jumapili. Nilimkuta ameketi kwenye kizingiti cha nyumba ya shule, shavu moja limevimba, amevaa viatu vya raba na gauni jeupe la kanisani. Nywele zilikuwa zimekuwa za kijivu zote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Alinitazama chini hadi juu. "Binti Balozi. Umekuwa mrefu bure, huna hata mwili."

Alinipikia ndizi. Aliniuliza habari za mama, za mtaa, za mawe. Nilipomwambia habari za Baba aliweka mwiko chini.

"Alikufa akiwa bado balozi?"

"Bado. Walimzika na wimbo wa chama."

"Hakuna aliyemnyooshea kidole?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Basi hawawezi kumfanya kitu tena," alisema, na haikuwa kama anaongea nami.

Nikamwambia kuhusu maktaba. Sikuwa nimemaliza sentensi alikuwa ameshasimama.

"Ulimwona mwandishi wake?"

"Nilimwona, na mwaka, na mahali. Kurasa zote zipo."

"Ni lile lile?"

"Lile lile. Hata kijiwe kimoja cha kijani kinakosekana pale pale. Lakini limepigwa kutoka nyuma."

"Nyuma!" Alinishika mkono kwa nguvu. "Miaka yote ile nimetazama mbele tu. Nyuma kukoje?"

Nilikuwa nimefungua kinywa, kengele ya kanisa ikalia. Ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa. Akaniachia mkono. "Ngoja," alisema. "Usiniambie bado. Twende."

"Mimi siamini, Mwalimu."

"Nani kakuuliza?"

Watu kama thelathini walikaa kwenye viti vya matofali ndani ya kanisa la udongo. Mzee mmoja alitubu kuhusu mpaka wa shamba, wakaimba. Mama mmoja alitubu kwamba alimcheka mkwewe, wakaimba. Kisha Mwalimu akasimama.

"Ndugu zangu, nimekaa nanyi miaka yote hii na dhambi moja sijaisema. Nilipokuwa Mwanza niliulizwa mbele ya watu, nikakana taji."

Bibi mmoja mbele akashika kifua. "Yesu wangu! Taji la uzima?"

"Hapana, mama. Taji la dhahabu. La mfalme wa Korea."

Mtu akakohoa. Kiongozi wa ushirika, akiona dhambi haieleweki lakini imeshatubiwa, akainua mkono apaze wimbo.

"Msiimbe," Mwalimu alisema. "Sijamaliza. Nilisema halipo, nalo lipo. Nilisema hivyo ili kumwokoa mtu mwema, balozi wetu, ambaye sasa amelala, na huyu ni binti yake. Sijutii kumwokoa. Natubu kwamba watoto arobaini walitoka darasani kwangu wakiamini niliwadanganya pale ambapo nilikuwa nasema kweli." Akapumua. "Ni utepe, unazunguka kichwa hivi. Mbele una miti mitatu. Matawi yamepinda hivi, na hivi." Alichora hewani, tawi baada ya tawi, visahani, kucha za kijani, na niliona watu wakisogea mbele kwenye matofali yao.

"Na kule nyuma?" aliuliza yule bibi.

Mwalimu alinigeukia. "Nyuma mimi sijui. Shahidi ni huyu."

Macho yote yakanijia. Nikasimama, mimi nisiyeamini kitu, katika kanisa la watu waliookoka.

"Mimi sijaliona lenyewe," nilisema. "Nimeona picha yake tu. Lakini nyuma kuna pembe mbili, kama za swala."

"Bwana asifiwe!" wakaitika wote, na Mwalimu kwa sauti kuliko wote.